Tofu ya Shougui

8 Oktoba, Umande wa Baridi

Nimefika hekaluni. Magoti yanauma, na chumba nilichopewa kinanuka figili kavu. Baba Mwalimu aliniomba simu, akaiviringisha kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kabati la dawa. Nitarudishiwa majira ya mafunzo yakiisha. Kisha akaniuliza nimekuja kutafuta nini.

"Nimekuja kujifunza kutotaka," nikasema. Jibu hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima.

Akacheka mpaka akakohoa. "Na hicho unakitaka sana, eh?"

Baba Mwalimu ni mwanamke wa miaka sabini na ushei, mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa utosini kwa pini ya mti. Hekalu zima ni wanawake, na wote huitana kiume: baba, kaka, babu. Mpishi wao, mnene, mwenye sauti ya mnadani, ni Kaka Zhijing. Aliniita "bwana mdogo" kabla sijavua viatu. Nilicheka. Baadaye nikawaza kwamba hapa ndipo panaponifaa, mahali ambapo hakuna mtu anayenitazama tumbo akingoja kuniita mama.

9 Oktoba

Niandike wazi, maana sina mwingine wa kumwambia.

Mimi Peiru na mume wangu Shougui tunatengeneza tofu mjini Shiqiao, chini ya mlima huu. Yeye husaga maharage na kushika moto. Mimi humwaga jasi kwenye maziwa ya maharage na kukoroga, maana mkono wa kugandisha ni wangu. Mara mbili nilibeba mimba, na mara mbili ikatoka kabla haijaonekana. Mwaka huu nimetimiza arobaini na mbili. Mganga wa mitishamba alinishika kiganja, akasikiliza mshipa, akasema mimi yin imenijaa, baridi tupu, na mume wangu ni yang mtupu, moto usio na pa kukaa. Akasema nisisumbuke tena.

Shougui ni mtoto pekee wa kwao, na mama yake alikufa akiulizia mjukuu. Kwa hiyo nimeamua. Nikionekana nafaa, siku ya Kilele cha Baridi nitafungwa nywele utosini niwe mtu wa hekalu, na yeye atapanda aseme mbele ya madhabahu kwamba ameniachilia. Kisha aoe mwenye kuzaa. Nilipomwambia aliendelea kuzungusha jiwe la kusagia, na ndani yake hamkuwa na hata punje moja ya haragwe. Usiku wa mwisho alinishika kama mtu anayezuia mlango usifungwe na upepo. Asubuhi hakunisindikiza.

11 Oktoba

Nimeketi. Badala ya kutafakari nimewaza maharage.

12 Oktoba

Nimeketi. Mguu ulikufa ganzi, nilipoinuka nikamwangukia Kaka Zhijing. "Jamani, bwana mdogo ameanza kupaa," akawatangazia wenzake.

15 Oktoba

Kila siku ya soko Shougui huletea hekalu tofu, mazoea ya tangu enzi za baba yake. Hupanda na mzega begani, ndoo mbele, ndoo nyuma, huacha kwenye lango la chini. Leo kengele ya lango ililia nikiwa nimeketi, na aliyeketi haruhusiwi kutoka. Nilisikia ndoo zikitua. Nikamsikia akikohoa. Halafu basi.

Mezani Kaka Zhijing akanisukumia kipande. "Haya, onja cha mumeo."

Kilinuka moshi na kilijaa vitundu. Aliacha moto mkali akasinzia, maziwa yakashika chini ya sufuria. Kisha akamwaga jasi yote kwa mpigo mmoja, kwa sababu hakuna wa kumwambia polepole.

"Vipi?" akauliza Kaka Zhijing.

"Halali usiku," nikasema.

"Mimi nakuuliza chumvi, wewe unaniambia usingizi!"

Nilikula vipande vitatu vya tofu mbovu kuliko zote nilizowahi kula, na ningekula cha nne kama kingekuwepo.

23 Oktoba, Jalidi Yashuka

Baba Mwalimu amenifundisha leo, mimi na yeye peke yetu. Anasema moto wa mtu hukaa juu, moyoni, na maji yake hukaa chini, kwenye figo. Ukiviachia, moto hupanda na maji hushuka, vinatengana, na mtu anakauka juu na kupoa chini. Kuketi ni kuushusha moto uingie chini ya maji.

"Kama kupika," akasema.

"Hilo kila muuza tofu analijua, Baba Mwalimu. Nani anawasha moto juu ya kifuniko?"

"Basi mbona wewe unaishi hivyo?"

Akanigusa chini ya kitovu kwa vidole viwili. "Hapa ndipo shamba lako lilipo. Weka nia yako hapa. Usilisahau, wala usilisaidie."

"Kulisaidia vipi?"

"Kama mtu anayefukua mbegu kila asubuhi atazame imeota au la."

Nikainama kuutazama mkeka. Miaka kumi na mitano ya ndoa, kazi yangu imekuwa kufukua.

30 Oktoba

Ukungu siku nzima. Damu yangu ilikuwa ije wiki iliyopita. Baridi ya huku hiyo.

7 Novemba, Majira ya Baridi Yaanza

Leo shamba limepata joto. Si mawazo, najua mawazo yangu yalivyo. Ilikuwa kama bakuli la uji limewekwa ndani yangu, chini kabisa. Nilikaa nalo, sikulisahau, sikulisaidia. Nilipofumbua macho, ubani ulikuwa umeisha na nilikuwa nikilia bila huzuni yoyote. Kisha nikataka kumwambia Shougui, na hapo huzuni ikaja.

9 Novemba

Tofu imekuja ngumu kama sabuni. Jasi imezidi, maana yake ana hasira. Kaka Zhijing aliipiga juu ya meza ikalia ko! "Mumeo anataka kutujengea ukuta?"

Nimefurahi kwamba amenikasirikia, na nimeona aibu kwa kufurahi.

13 Novemba

Mvua. Nimesinzia kwenye mkeka saa ya kuketi asubuhi na saa ya kuketi mchana. Baba Mwalimu amesema kusinzia ni ukungu wa yin kuyeyuka. Kaka Zhijing amesema ni uvivu.

18 Novemba

Siku ya ajabu, na sijui niifurahie au niizike.

Tulikuwa tunamenya figili. Kaka Zhijing, mwenye macho yanayoona hata visivyomhusu, akasema, "Bwana mdogo, mbona sijakuona ukianika vitambaa tangu uje?"

Nikamwambia damu haijaja, mwezi wa pili sasa. Kisu kikamwanguka. Akakimbia na unene wake wote kwenda kumwita Baba Mwalimu, na mimi nikabaki na figili mkononi.

Baba Mwalimu akanikalisha. "Shambani pana joto?"

"Pana joto."

"Usingizi?"

"Mwingi sana."

"Kifua kimenywea?"

"Hapana, kimejaa. Kinauma."

Hapo akasita kidogo. "Kinapaswa kunywea," akasema. "Lakini kitanywea. Kila mwili na njia yake." Akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, umekata joka jekundu."

Nilikuwa nimelisikia likisemwa kwa sauti ya chini. Mwanamke akiketi kwa haki, damu ya mwezi huacha kushuka, hugeuka pumzi na kupanda, na yin yake huanza kuiva kuwa yang. Wengine huketi miaka kumi wasifike hapo. Mimi nimefika kabla theluji haijaanguka. Waliwasha ubani na kupiga kengele, na wanawake walionitangulia kwa miaka wakaniinamia mmoja mmoja, hata Kaka Zhijing, aliyeinama huku akisema, "Na hata wali hajui kupika!"

Mimi sijawahi kusifiwa kwa lolote ila tofu. Nilijisikia mrefu. Lakini nilipofunga mlango wa chumba nilikaa sakafuni. Limekatika, basi limekatika. Hakuna tena mwezi wa kungoja, hata kwa kujidanganya. Nilikuja kujifunza kutotaka, nami nimepewa kutoweza. Nilidhani ni kitu kimoja.

Namtaka mume wangu. Nimeandika, na iwe imeandikwa.

22 Novemba, Theluji Ndogo

Imepangwa. Nitafungwa nywele siku ya Kilele cha Baridi, siku ambayo yin imefika mwisho wake na yang moja inazaliwa chini kabisa, mahali pasipoonekana. Baba Mwalimu anasema hakuna siku bora kuliko hiyo. Ananitazama kama mtu aliyekuwa akingoja mrithi na sasa anamwona amekaa mbele yake. Nampenda, na ananitisha. Ujumbe umepelekwa kwa Shougui.

24 Novemba

Siku ya soko. Tofu haikuja.

26 Novemba

Imekuja leo, siku isiyo ya soko. Kaka Zhijing alipofunua ndoo, harufu ile ya maharage mabichi, ambayo nimeishi nayo tangu nizaliwe, ilinipanda puani kama kofi. Nilikimbia nyuma ya jiko na kutapika.

Kaka Zhijing alinifuata, akasimama nyuma yangu bila mzaha wowote, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Mimi nilizaa watatu kabla sijawa kaka yako," akasema.

"Nyamaza."

"Sijasema kitu."

"Basi usiseme, Kaka. Tafadhali. Usiseme."

Akanipangusa mdomo kwa aproni yake inayonuka mafuta ya ufuta, akarudi jikoni. Kuna neno moja ambalo sitaliandika humu. Mara mbili nililisema mapema, mara mbili nililisema kwa Shougui akiwa kwenye jiwe, akaacha kusaga na kuanza kucheka, na mara mbili nilimrudia na maneno mengine. Mganga alisema nisisumbuke. Hili ni joka tu. Limekatika.

30 Novemba

Nimemwona.

Nilikuwa nafagia theluji karibu na kengele kubwa, ambapo ukuta ni mfupi na lango la chini linaonekana. Alikuwa anapanda ngazi na mzega, na hakuwa na kofia. Kofia yake ya sufu iko nyuma ya mlango wa ghala, kwenye msumari ule niliougongelea mimi, na hajui kwamba iko hapo kwa sababu kila mwaka ni mimi ninayempa. Alitua ndoo akapiga kengele. Akasimama. Kaka Zhijing akatoka, wakazungumza, na sauti zao zikanifikia vizuri.

"Anakula?" Shougui akauliza.

"Anakula kuliko farasi."

"Anaketi vizuri?"

"Ndiye bora wetu. Baba Mwalimu haoni mwingine."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayeambiwa bei asiyoimudu na hataki ionekane. "Vizuri," akasema. "Vizuri. Mwambie... hapana, usimwambie kitu."

Akachukua ndoo tupu, akashuka. Nilikuwa na fagio mkononi na jina lake mdomoni. Sikumwita. Nikimwita atauliza nina hali gani, nami siwezi kumwongopea Shougui akiwa amenitazama.

Nilikuwa namkasirikia kwa kutonisindikiza. Leo nimeelewa kwamba angenisindikiza, nisingefika.

7 Desemba, Theluji Kubwa

Kuketi. Kutapika. Kuketi.

10 Desemba

Tofu imekuwa laini kidogo wiki hii. Anajifunza kupunguza moto.

12 Desemba

Alfajiri nilikuta damu.

Si nyingi, ilikuwa doa kwenye nguo ya ndani, lakini nalijua doa hilo, tumekwisha kutana. Nililala chali, nikatazama boriti. Nikasikia wenzangu wakienda kuketi, nyayo moja moja kwenye theluji, na kengele ndogo ikigongwa. Sikuweza kuinuka. Niliogopa kwamba nikiinuka litaanguka. Na kwa kuogopa hivyo nikajua nimelijua muda wote.

Basi naliandika. Mtoto. Nina mtoto tumboni. Nilikuwa naye tangu napanda mlima.

Kaka Zhijing ndiye aliyenikosa kwenye mkeka. Aliingia na maji ya moto, akaona nguo na uso wangu, akafunga mlango kwa mgongo.

"Ilianza lini?"

"Sasa hivi."

"Tumbo linakaza?"

"Hapana."

"Basi usilie. Kulia kunakaza." Na yeye mwenyewe alikuwa analia, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Alinipandishia miguu juu ya mto wa makapi ya ngano, akanifunika mablanketi mawili, langu na lake, akaenda.

Alirudi na Baba Mwalimu. Niliona aibu kuliko woga. Nilitaka kujifunika uso.

"Baba Mwalimu, sikukata joka," nikasema. "Nisamehe. Nilikuwa na mimba."

Alikaa kwenye kigoda. Nikasikia theluji ikiporomoka kutoka paani. Niliona kitu kikimtoka usoni, ule mng'aro alionao akinitazama. Ulikuwa wa mtu aliyempata mrithi, na haukurudi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Kifua kimejaa, anasinzia ovyo, anakula kuliko farasi," akasema akijipangusa macho, "na mimi napiga kengele! Wanawake tisa ndani ya hekalu, na sote tunamwinamia mwenye mimba tukimpongeza kwa kutokuwa mwanamke."

"Mimi niliona," akasema Kaka Zhijing.

"Wewe uliona ukanyamaza!"

"Alinikataza, Baba."

Baba Mwalimu akavuta pumzi. "Nikwambie jambo, mwanangu. Joka langu mimi lilikatika nikiwa na miaka hamsini na moja. Mwalimu wangu alifanya sherehe siku tatu. Nina dada yangu alibaki nyumbani kufuga nguruwe. Lake lilikatika mwaka uleule, na hajawahi kuketi hata siku moja. Mpaka leo sijui langu lilikuwa kuketi au lilikuwa uzee. Naketi tu."

Hakuna aliyecheka hapo. Akasogeza kigoda, akaweka kiganja chini ya kitovu changu, juu ya blanketi.

"Unalitaka tumbo hili?"

"Nalitaka," nikasema. "Nalitaka sana, Baba. Nalitaka mpaka meno yananiuma. Nimejaribu kuacha na sikuweza."

"Usiache. Nani kakwambia uache? Nilikwambia usifukue." Akanisogezea uso. "Sasa ndiyo utaketi. Huku umelala. Shusha moto uende chini ya maji. Usilisahau, wala usilisaidie. Likibaki, limebaki. Likiondoka, mimi na huyu mnene tuko hapa."

Tukaketi, wao kwenye vigoda, mimi kitandani. Kila moyo wangu uliporuka kwenda kutazama kama damu inaendelea, niliurudisha chini. Ukaruka. Nikaurudisha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, hata msimu wa mwaka mpya tunapotoa tofu bila kulala. Kuna wakati, sijui ni wakati gani, uliacha kuruka. Nilikuwepo, na lilikuwepo, tukapumua.

Mchana Kaka Zhijing akanitazama. Doa halikuongezeka.

13 Desemba

Limekauka. Nimelala. Kaka Zhijing ananilisha kwa kijiko na kunitukana kila kijiko.

16 Desemba

Muuguzi wa kijiji cha bondeni amepanda na kifaa chake cha kusikilizia. Alikizungusha tumboni, kikakwaruza kama redio isiyoshika kituo, na ghafla tukasikia. Ni mbio, kama mtu anayekimbia na ndara, hana hata nafasi ya kupumua. "Mwenyewe huyo," akasema muuguzi. Karibu miezi mitatu, akasema. Hatari haijaisha, lakini iliyo kubwa imepita. Niruhusiwe kushuka baada ya siku chache, polepole, nisibebe hata kikombe.

Baba Mwalimu aliomba asikilize tena. Aliinamisha sikio, amefumba macho.

"Upelekwe ujumbe kwa mumeo?" akauliza.

Nikakataa. Neno hili sitalipeleka kwa mdomo wa mtu mwingine. Na bado ninaogopa. Nilitaka siku zipite.

21 Desemba, Kilele cha Baridi

Amekuja asubuhi. Alivaa koti lake la arusi, lililombana kwapani, na bado hana kofia. Hakuacha ndoo langoni. Aliupandisha mzega mpaka uani mbele ya madhabahu, akautua. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, Kaka Zhijing kanifunga mablanketi mpaka shingoni. Shougui alinitazama mara moja, akaondoa macho haraka.

"Umekonda usoni," akaiambia sakafu.

"Na wewe."

Akafunua ndoo, akakata kipande kwa uzi kama tunavyofanya, akanipa kwenye kiganja. Niliogopa harufu, lakini tumbo lilitulia. Kipande kilitikisika bila kupasuka. Hakina moshi. Hakina kitundu. Nilikiweka ulimini kikaenda chenyewe. Ilikuwa tofu yangu, mkono wangu kabisa, na mimi sikuwepo.

"Nimejifunza," akasema. "Nimemwaga nyingi kwanza. Kumbe unasubiri povu liishe, unamimina ukigeuza kiganja, na unanyamaza. Nilitaka uonje kabla sijasema lile neno. Ujue sitakufa njaa. Usikae hapa ukiketi huku unawaza tofu yangu."

Miezi yote nimekuwa nikimla mume wangu kidogokidogo, moshi wake, hasira yake, usingizi wake, na leo kanipa kitu kisicho na kosa ili aniachilie. Akageukia madhabahu, akainua mikono miwili.

"Mimi Kuang Shougui wa Shiqiao," akaanza, sauti imekauka, "mbele ya..."

"Shougui. Usiseme."

Akaganda, mikono bado iko juu.

"Kofia yako iko nyuma ya mlango wa ghala, kwenye msumari," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na hilo. "Na nina mimba. Ile ya usiku wa mwisho. Ilitaka kutoka, haikutoka. Sikuahidi kitu. Sijui itakaa mpaka lini. Lakini leo ipo."

Hakucheka kama zile mara mbili. Aliishusha mikono polepole sana. Akaja akapiga magoti kwenye theluji na koti lake la arusi, akaniwekea kichwa mapajani juu ya mablanketi, na kwapa la koti likapasuka, tukalisikia wote. Nywele zake zilikuwa na theluji. Nikamfunika masikio kwa viganja.

Nyuma yetu Baba Mwalimu alirudisha kwenye kisanduku pini ya mti aliyokuwa ameniwekea. Alijaribu kukifunga kimya, lakini kilikuwa kikuukuu na kililia. Akaja, akanipa simu yangu na mkeka wangu wa kuketia.

Tuliondoka kabla ya jua kuinama. Shougui aliacha mzega na ndoo, akanishika mkono, tukashuka ngazi moja, tukapumzika, ngazi moja, tukapumzika. Tulipofika kona ya lango la chini nilisikia ile sauti ya mnadani kutoka juu ya ukuta.

"We Mama Nani sijui! Funga shingo, upepo huo!"

Nikangoja ule woga wa kuitwa mama unishike kama zamani. Shougui naye alisimama, akinitazama kama nitaweza.

Nikageuka. "Nimesikia, Kaka," nikaitika.